Mrututu kuonyesha msawazo: mbona kijani hakitoki?

Mwl_Nyakato
Wakuu, habari za kazi. Kidato cha tano, shule iko Ilemela. Kobalti kloridi hatuna, kwa hiyo nataka kuonyesha msawazo wa kikemia (mmenyuko unaokwenda pande zote mbili) kwa mrututu (salfeti ya shaba). Mililita 5 za myeyusho wake wa 0.5 M (moli kwa lita) nikiweka asidi hidrokloriki ya 2 M mililita 5, bluu inapauka tu, haigeuki kijani. Kwa nini?

fundi_maabara
Kloridi ni chache, Mwalimu. Ukichanganya ujazo sawa, ile 2 M inabaki 1 M, na maji yaliyokuja na asidi yanarudisha msawazo kushoto, upande wa bluu:

[Cu(H₂O)₆]²⁺ + 4Cl⁻ ⇌ [CuCl₄]²⁻ + 6H₂O

Asidi kali ya karibu 12 M inafanya kazi, lakini bila chemba ya moshi (kabati la kufyonza mvuke) ni kuwakohoza wanafunzi bure. Tumia chumvi ya mezani, nayo ina kloridi, tena ikiwa kavu, usiiyeyushe kwanza.

Pima gramu 12.5 za mrututu, yeyusha, kisha jaza maji hadi mililita 100. Chota mililita 10 kwenye testityubu, weka gramu 3 za chumvi, tikisa mpaka iyeyuke. Itageuka kijani. Ukiongeza maji mililita 10, bluu inarudi.

Kapripointi
Hapo kwenye maji weka testityubu ya pili yenye mrututu mtupu, nayo uiongezee maji yaleyale. Bila hiyo, mwanafunzi mkorofi atasema rangi imepauka kwa kuzimuliwa tu, na atakuwa na hoja.

Mrututu wa duka la pembejeo unafaa, ila chuja. Maji ya kisima yenye bikaboneti huleta ukungu. Nunua maji ya betri, na uhakikishe ni maji, si asidi ya betri.

Mwl_Nyakato
Asanteni sana. Na joto je?

fundi_maabara
Kwenda kijani kunafyonza joto. Gawanya ule wa kijani kwenye testityubu tatu: moja kwenye sufuria ya maji ya nyuzi 80 hivi, moja kwenye barafu (za kuhifadhia samaki zinatosha), ya tatu iache mezani ya kulinganishia. Ya moto inazidi ukijani, ya baridi inasogea bluu. Shikilia karatasi nyeupe nyuma yake, tofauti si kubwa kama ya kobalti.

Kapripointi
Mabaki msimwage mferejini, mitaro yetu inaishia ziwani. Shaba inaua samaki. Mrututu huohuo uliwahi kutumika kuulia konokono wa kichocho. Kusanya kwenye ndoo, weka magadi kidogo kidogo hadi maji ya juu yasiwe na rangi, acha yatuame usiku kucha, chuja, kausha tope, tunza kwenye kopo lenye lebo.