Misindano (paini) ya miaka 8: nikate yote au nipunguzie?

MsindanoMmoja: Wakuu nina heka (ekari) 2 huku Mufindi, nilipanda mita 2 kwa 2, sijawahi kupunguzia, yaani kutoa baadhi ya miti. Jana nimepima na futi ya fundi cherehani usawa wa kifua, mingi mzunguko sentimita 38. Mwenye dingidongi, ile mashine ya kupasulia mbao shambani, anataka yote kwa mkupuo, bwana miti anasema nipunguzie ningoje ifike miaka 18. Nishaurini.

Kambi_ya_Juu: 2 kwa 2 ni kama miti elfu moja kwa heka, 3 kwa 3 ni 450 tu. Mzunguko 38 ni kipenyo cha 12, hiyo mirunda, nguzo za ujenzi tu mkuu, mbao gani utapasua hapo? Toa iliyopinda na iliyofunikwa, inayobaki inanenepa. Tatizo wakulima wa huko hawana subira, basi.

MamaTuli: Hawana subira nani? Mi niliuza ya miaka 7 baba Tuli amelazwa, kila asubuhi bili, ningengoja mbao pana?

Kambi_ya_Juu: Pole mama, nasema kwa ujumla.

MamaTuli: Huo ujumla ndo sisi.

hesabu_za_msitu: Kanuni ya Faustmann, yule Mjerumani wa 1849, inafundishwa mpaka leo: acha mti kama thamani unayoongeza mwaka huo inazidi riba ya hela ambayo ungeuzia pamoja na kodi ambayo ungepata kwa kukodisha ardhi ulipokaa. Riba ikipanda, umri wa kukata unashuka. Mwenye deni la kausha damu, la riba kubwa, kanuni hiyohiyo inamwambia kata mapema, kwa hiyo mama alipiga hesabu sahihi. Na hatari ya moto inaingia kama nyongeza kwenye riba.

Kambi_ya_Juu: Moto unawashwa na nani kama siyo nyie mnaochoma mashamba ya mahindi Oktoba?

Mlima_Kijani: We wa Dar unayelima kwa simu, barabara yako ya moto, ile njia ya kuzuia moto usivuke, imefyekwa lini? Ya jirani yangu wa hukohuko majani yalifika kiunoni, moto ukapita humo ukaja kula yangu ya miaka 5, nilikuwa nimesimama na tawi mkononi naangalia.

Kambi_ya_Juu: Mi nina kijana analipwa kufyeka, usinijumlishe.

MamaTuli: Umeona kujumlishwa kunavyouma.

MsindanoMmoja: Jamani dingidongi anarudi Jumamosi. Deni sina.

hesabu_za_msitu: Basi punguzia, ila usitoe nusu nzima kwa mara moja, mashina membamba upepo utayalaza. Toa theluthi, uza mirunda, rudi baada ya miaka miwili.

Mlima_Kijani: Huyo kijana unamlipa shingapi?