Mjadala: Jiji lenye bajeti finyu limjengee kwanza mkazi au mtalii?

Hoja ninayoileta mezani ni hii: jiji lenye fedha kidogo likitaka uchumi wake ukue, fedha ya kwanza iende kwenye usafiri wa wakazi wake wa kila siku, na kampeni za kuutangaza utalii zifuate nyuma. Wengi wanashikilia kinyume chake. Wanasema ujengwe kwanza uwanja wa ndege wa kisasa na barabara pana ya kutoka uwanjani hadi kwenye hoteli, kisha jiji litangazwe nje. Mgeni akija ataacha fedha, na fedha hiyo ndiyo itakayomnunulia mkazi basi lake. Hoja yao ina uzito na nitaifikia, lakini naipinga. Naomba tuijadili kwa mifano ya miji iliyokwishapita njia hizi, tuache zile picha za kompyuta zinazobandikwa siku ya kuweka jiwe la msingi.

Tuanze na kinacholifanya jiji liwe tajiri. Watu hulikimbilia jiji kwa sababu kazi, wateja, mafundi na wauzaji wako karibu. Mwajiri anayetafuta mhasibu anachagua miongoni mwa wale wanaoweza kufika ofisini kwake kwa muda unaovumilika. Usafiri ukiwa mbovu, idadi hiyo inapungua, na jiji la watu milioni tatu linaishia kuwa vimji vidogo vilivyobanana, kila kimoja na ajira zake chache. Safari ya saa mbili ikipungua na kuwa dakika arobaini, hakuna kiwanda kilichojengwa, lakini fundi amepata wateja wa upande wa pili wa mji, na mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuipokea kazi aliyokuwa akiikataa kwa sababu ya umbali. Faida hiyo inapatikana kila siku ya kazi, mgeni awepo asiwepo. Tangazo la utalii haliwezi kufanya hivyo. Linachoweza ni kumshawishi mtu aje kuona kilichopo tayari, na kama kilichopo ni foleni na vumbi, atakwenda kuwasimulia wenzake hayo hayo.

Upande wa pili hupenda kutaja Bilbao, nami naukubali mfano huo kwa mikono miwili, mradi usimuliwe wote. Mji huo wa kaskazini mwa Hispania uliishi kwa chuma na meli. Miaka ya 1980 viwanda vilikufa, ajira zikapotea, na mto wake, Nervión, ulikuwa umechafuka kwa taka za viwandani na za majumbani. Oktoba 1997 yakafunguliwa makumbusho ya sanaa ya Guggenheim, jengo la msanifu Frank Gehry lililovikwa madini ya titani, na mwaka wa kwanza wakaingia wageni wapatao milioni 1.3. Tangu hapo, kila meya mwenye kiwanja kitupu kando ya maji anatamani Guggenheim yake.

Kinachoachwa ni mfuatano wa mambo. Metro ya Bilbao, yaani treni za mjini, ambayo vituo vyake vilibuniwa na msanifu Norman Foster, ilifunguliwa Novemba 1995, miaka miwili kabla ya makumbusho. Haikujengwa ili iwafikishe wageni mlangoni pa Guggenheim. Ilijengwa kuunganisha mji na vitongoji vilivyotandaa kando ya mto kuelekea baharini. Mwaka 2002 njia ya pili ikaingia ukingo wa kushoto, uliokuwa na viwanda na familia za wafanyakazi. Kabla ya yote hayo ulikuwa umeanza mradi wa maji taka wa kuusafisha mto, kazi ya miaka mingi iliyomeza fedha nyingi kuliko makumbusho yenyewe. Shughuli za bandari zikasogezwa kuelekea mdomo wa mto ili ardhi ya katikati ipatikane. Mwaka 1992 ikaundwa kampuni ya umma, Bilbao Ría 2000. Ilichukua viwanja vilivyoachwa na reli, bandari na viwanda, ikavitayarisha na kuviuza, kisha fedha ya mauzo ikairudisha kwenye miundombinu ya mji. Miji iliyokwenda kuiga Bilbao iliiga jengo linalong'aa, ikaacha mabomba ya maji taka. Halafu inashangaa kwa nini muujiza haukutokea.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Medellín, Kolombia. Mwaka 1991 mauaji yalifikia takriban 380 kwa kila watu 100,000. Hakuna aliyekuwa akifikiria kuutangaza kwa watalii. Metro yake ilianza 1995, lakini ilipita bondeni, wakati maskini walikuwa wamejenga milimani kusiko na barabara ya kupitisha basi la maana. Mwaka 2004 wakazindua magari ya nyaya, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, njia inayoitwa K, kutoka kituo cha metro cha Acevedo kupanda hadi mtaa wa Santo Domingo, kilomita mbili hivi. Magari ya aina hiyo tumezoea kuyaona kwenye milima ya kuteleza juu ya theluji, yakiwabeba matajiri walio likizo. Pale yaliwekwa kuwa sehemu ya metro. Vibanda vinafuatana, vinapunguza mwendo kituoni, watu wanaingia na mifuko yao ya sokoni, na anayeshuka Acevedo anaingia kwenye treni kwa nauli ile ile.

Mwaka 2010 wakaongeza njia nyingine, L, inayoendelea kutoka Santo Domingo hadi hifadhi ya Arví juu mlimani. Hiyo ni ya matembezi, na nauli yake ni ya peke yake, kubwa zaidi. Tazameni mpangilio ulivyo: mkazi kwanza, kwa nauli ya kawaida, miaka sita baadaye mtalii, naye analipa zaidi. Mwishoni mwa 2011 mtaa wa Comuna 13, uliokuwa ukiogopwa mji mzima, ukawekewa ngazi za umeme za nje ili wazee na watoto wasipande vidato mamia kila siku. Leo watalii kutoka kila pembe ya dunia wanazipanda ngazi hizo wakitazama michoro ukutani, na vijana wa mtaa ndio wanaowaongoza. Aliyekusudiwa alikuwa bibi wa kilimani, na mtalii akaja kuona jinsi bibi huyo alivyohudumiwa.

Najua kuna atakayesema, "Mbona Singapore ilianza na uwanja wa ndege?" Ni kweli, Changi ulifunguliwa 1981. Lakini tuangalie reli yao. Wakati huo walikuwa na mjadala mkali kama huu wetu: washauri kutoka Chuo Kikuu cha Harvard walipendekeza mabasi peke yake, na waziri Ong Teng Cheong akasimama upande wa treni. Mwaka 1982 serikali ikaamua treni. Zilianza kutembea 1987, na mtandao ukasukwa kupita kwenye miji ya nyumba za serikali walikoishi wananchi walio wengi. Treni hazikufika Changi mpaka 2002. Kwa zaidi ya miaka kumi na minne, nchi inayosifiwa dunia nzima kwa uwanja wake wa ndege ilimwacha abiria wa ndege apande basi au teksi huku ikiwawekea wakazi reli.

Dubai ni hoja ngumu zaidi, na sitaikwepa. Kule shirika la ndege lilianza 1985 na metro ikaja 2009, na mji umekua kwa kasi ya kustaajabisha. Ila Dubai iko njia panda ya safari za anga kati ya Ulaya na Asia, na nyuma yake kuna serikali yenye uwezo wa kusubiri mradi ulipe baada ya miaka mingi. Jiji lenye bajeti finyu halina kimojawapo. Likikopa kujenga uwanja mkubwa, deni litaanza kudai kabla ndege hazijaanza kutua.

Miradi ya namna hiyo iliyokwama ipo na inaonekana kwa macho. Montreal, Kanada, ilifungua uwanja wa Mirabel mwaka 1975 baada ya kuchukua ardhi ya maelfu ya watu. Ndege za kimataifa zikalazimishwa kutua huko, za ndani zikabaki uwanja wa zamani wa Dorval, na reli iliyoahidiwa haikujengwa. Abiria wa kuunganisha safari alitakiwa apande basi kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Mashirika mengi yakaona heri kutua Toronto. Abiria wa mwisho aliondoka Mirabel mwaka 2004, na baadaye jengo likabomolewa. Hispania nayo ilifungua uwanja wa Ciudad Real mwaka 2008, wenye njia ya kurukia ya kilomita nne, kwa gharama inayozidi euro bilioni moja. Aprili 2012 ulifungwa.

Sasa ile hoja yao yenye uzito: utalii unaleta fedha za kigeni haraka na unaajiri watu wasio na vyeti vikubwa, wakati reli huchukua muongo mzima. Nakubali yote mawili. Lakini hata anayejali utalii peke yake, na amtazame mhudumu wa hoteli anayemaliza zamu saa sita usiku. Hakuna basi. Ama analala kwenye kiti cha chumba cha wafanyakazi, ama nusu ya ujira wake wa siku inaishia kwenye pikipiki. Kesho yake anachelewa, na baada ya miezi michache anaacha kazi, na hoteli inaanza kumfundisha mwingine. Hoteli ya vyumba mia mbili ina wapishi, wafuaji, walinzi na wasafishaji wa namna yake mamia. Basi la usiku linalowarudisha nyumbani ni uwekezaji bora wa utalii kuliko bango lolote kwenye uwanja wa ndege wa ng'ambo. Wala halihitaji muongo mzima: njia maalumu ya mabasi na ratiba inayoheshimiwa ni kazi ya muda mfupi kuliko reli.

Kisha kuna swali la nani anabaki na faida, na hapa naona pande zote mbili tunazembea. Kituo kikifunguliwa, kiwanja cha jirani kinapanda thamani kesho yake, na mwenye kiwanja hakutoa jasho. Hong Kong walilishughulikia hilo kwa kulipatia shirika lao la reli, MTR, haki ya kuendeleza ardhi ya juu na kando ya vituo, na mapato yake yakasaidia kugharamia njia. London, ili kuchangia reli ya Elizabeth iliyofunguliwa 2022, ilianza kutoza nyongeza ya kodi mwaka 2010 kwa biashara zilizo kwenye majengo ya thamani kubwa. Jiji lisilopanga hivyo mapema litajenga kwa kodi ya wote na kuwatajirisha wachache.

Kwenye utalii kuzembea huko kunaumiza zaidi. Barcelona iliifanya vizuri michezo ya Olimpiki ya 1992. Ilifungua ufukwe uliokuwa umezibwa na viwanda na reli, ikajenga barabara za mzunguko, watu wakaipenda. Juni 2024 meya wake, Jaume Collboni, alitangaza kuwa leseni za fleti 10,101 zinazopangishwa watalii zitaisha ifikapo Novemba 2028, kwa sababu wakazi wanashindwa kupata nyumba. Mji mkongwe wa Venice ulikuwa na wakazi zaidi ya 170,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sasa hawafiki 50,000. Huko idadi ya wageni ilikua. Lakini jiji la nani limekua?

Wala tusisahau 2020. Safari za kitalii za kimataifa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 70 kwa mwaka mmoja, na mapato ya majiji yaliyomtegemea mgeni yakaporomoka. Mabasi yaliyojengewa wakazi yaliendelea kuwabeba wauguzi kwenda kazini.

Ninachopendekeza ni kwamba kila mradi mkubwa wa usafiri uje barazani ukiwa na jibu la maandishi: mkazi wa mtaa wa mbali atafika kwenye ajira ngapi ndani ya saa moja baada ya mradi, ambazo leo hazifikii? Na bajeti ya kutangaza utalii itokane na tozo anayolipa mgeni mwenyewe, isichotwe kwenye fungu la mabasi. Anayenipinga, naomba atutajie jiji lililomtanguliza mtalii bila kuwa na hazina ya Dubai, likatajirika. Na akilitaja, pamoja na idadi ya ndege zilizotua atuletee pia mishahara na kodi za pango za wanaoishi humo.