Naomba ushauri: niache maabara mwaka mzima niingie kwenye sera?

Wakuu, habari zenu. Namalizia shahada ya uzamivu katika kemia ya maji na nawaza kuomba feloshipu ya sera za sayansi na teknolojia. Ile maarufu ya AAAS (chama cha kuendeleza sayansi cha Marekani), iliyoanza 1973 na inayowapeleka wanasayansi kufanya kazi bungeni na serikalini kwa mwaka mmoja, siiwezi: wanataka raia wa Marekani. Mnazijua zinazopokea watu wa nchi nyingine, hata za miezi michache?

Kinachonitatiza zaidi ni kurudi. Msimamizi wangu anasema mwaka usio na makala iliyochapishwa ni mwaka uliopotea (kwake yeye, chochote nje ya maabara ni utalii). Kuna aliyetoka akarudi kwenye utafiti? Alipokelewaje?

Halafu muhtasari wa sera wanaoutaka kwenye maombi, kurasa mbili tu, kwa msomaji asiye mwanasayansi. Nikitanguliza pendekezo, ushahidi niubakize kiasi gani? Na barua za mapendekezo je, zote zitoke kwa maprofesa, au nimtafute pia mtu aliyeniona nikiwaeleza mambo haya watu wasio wataalamu?