Kama Yesu amelipa deni la jirani yetu, mama bado ana haki ya kudai cherehani yake?

binti_wa_fundi (Nakuru)

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naomba mnisaidie na jambo linalosumbua nyumba yetu tangu Jumapili iliyopita.

Sisi ni watu wa upande wa Molo, ila tangu 2008 tunaishi Nakuru. Nyumba yetu ilichomwa Januari mwaka huo, katika vurugu za baada ya uchaguzi. Tukakaa hemani pale uwanja wa maonyesho, na baba, ambaye tayari kifua kilikuwa kinamsumbua, akafariki kabla mwaka haujaisha. Kabla ya moto kuwashwa watu walibeba vitu. Kimojawapo kilikuwa cherehani ya mama, ile ya kukanyaga kwa miguu. Alikuwa akishonea sare za shule, na ndiyo iliyotulipia karo mimi na ndugu zangu.

Tunajua ilikokwenda. Aliichukua jirani wa ng'ambo ya barabara. Shangazi yangu ambaye bado anaishi huko huiona kwenye baraza ya yule jirani, mke wake akishona. Ameitambua kwa sababu ubao wa upande wa kulia ulipasuka zamani, na baba akauunga kwa kipande cha bati na misumari midogo ya viatu.

Sasa Jumapili jirani mwenyewe akaja kwetu, akiwa na mchungaji wake. Ameokoka. Alipiga magoti sebuleni akalia kama mtoto, akataja aliyoyatenda usiku ule. Mama akamwinua, akaniambia nilete chai. Sikuwahi kufikiri nitamkatia mtu yule mkate. Walipomaliza kunywa mama akamwuliza kwa upole, "Na cherehani yangu bado inashona?" Yule mzee akainama. Aliyejibu ni mchungaji: "Mama, Yesu alilipa yote msalabani. Tukianza kuhesabu vitu, ni kama tunasema damu yake haikutosha." Mama hakusema neno tena. Wakaomba, wakaenda.

Naamini kwa moyo wangu wote kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi, hata za mtu yule. Nafundisha watoto shule ya Jumapili, na kila Pasaka tunasoma Isaya 53. Lakini tangu siku hiyo najiuliza: deni lililolipwa pale Kalvari lilikuwa la nani kwa nani? Mama akiidai mashine yake, anaidharau damu ya Mwokozi?

neema_ya_kondele (Kisumu)

Dada, pole sana kwa yaliyowapata. Nitasema ninavyoamini.

Mchungaji amenena kweli. Yesu alisema "Imekwisha." Wakolosai 2 inasema hati ya kutushitaki ilifutwa, ikagongomelewa msalabani. Ndugu yako akilipa bili ya hospitali hadi senti ya mwisho, pale kaunta hawakuzuii tena. Unatoka. Jirani yenu ametoka. Hofu yangu ni kwamba mkimwekea sharti la cherehani, ataanza kuamini kwamba msamaha unanunuliwa, na hiyo si Injili tena. Mwambie mama aiachilie kwa Bwana. Mungu anaweza kumpa cherehani kumi.

mzee_wa_maseno

Binti yangu, mpe mama yako salamu zangu. Mwambie swali alilouliza baada ya chai ni swali la Biblia, na asione haya kwamba aliuliza.

Fungua Mambo ya Walawi 6, mistari saba ya kwanza. Hapo kuna mtu aliyemnyang'anya mwenzake kitu, kisha amejua kosa lake. Torati haikumwambia akimbilie madhabahuni. Inamwambia arudishe alichokitwaa, kizima, aongeze na sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe siku ile ile anapoleta sadaka yake ya hatia. Ndipo kondoo dume anachinjwa, kuhani anamfanyia upatanisho, naye anasamehewa. Yako mambo mawili hapo, na Mungu hakuyachanganya. Damu ya kondoo ilihusu hatia yake mbele za BWANA. Mali ilirudi kwa mwenyewe. Hata mwenyewe akiwa amekufa bila jamaa wa kupokea, Hesabu 5 inasema malipo hayo hayapotei, yanakwenda kwa kuhani. Mnyang'anyi hakuachiwa hata mlango mmoja wa kubaki nayo.

Sasa sadaka zote zile zilikuwa kivuli cha Kristo. Waraka kwa Waebrania unatufundisha kwamba damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi, yake ndiyo iwezayo. Amina. Lakini mwili ukishakuja, kivuli hakigeuki kuwa kinyume chake. Iweje kondoo wa Walawi amtume mtu arudishe mali ya watu, halafu Mwana-Kondoo wa Mungu amruhusu akae nayo?

Baba yangu aliokoka katika uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi kwetu Nyanza. Alikuwa karani wa stoo. Siku alipotubu alirudi nyumbani, akaenda moja kwa moja kwenye turubai tuliyokuwa tukianikia mtama. Akamwaga mtama kwenye mkeka, akaikung'uta, akaikunja pande nne, akaiweka kichwani. Mama akamwuliza, "Unaipeleka wapi?" Akasema, "Kwa mwenyewe." Alibeba pia mkebe wa misumari uliobaki nusu, na pesa za ile nusu aliyoitumia. Mwajiri hakuwa na habari kwamba vimepotea. Ndugu wa uamsho walikuwa hivyo. Waliimba habari za damu ya Yesu kuliko watu wote niliowajua, na ndio hao hao waliokuwa wakionekana njiani wamebeba majembe ya watu, mbao za watu, wakiyarudisha. Hakuna aliyeona kwamba kurudisha kunaipunguzia damu nguvu. Walisema ndiyo damu yenyewe inayowasukuma.

Ndugu wa Kondele, mfano wako wa bili ni mzuri, nami naukubali. Bili imelipwa. Lakini mgonjwa akitoka na blanketi la mgonjwa wa kitanda cha pili chini ya kwapa, je, risiti yake inafunika na hilo?

katekista_kakamega

Naunga mkono mzee, nikiongeza kutoka upande wetu Wakatoliki. Katekisimu ya Kanisa namba 1459 inafundisha kwamba dhambi nyingi humdhuru jirani, na mtu lazima afanye linalowezekana kurekebisha madhara, kwa mfano kurudisha vilivyoibwa, kwa kuwa haki ya kawaida tu inadai hivyo. Ondoleo linaondoa dhambi, ila vurugu zote zilizoletwa na dhambi hazijatengenezwa kwa ondoleo hilo.

Anselmo, askofu mkuu wa Canterbury, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1098 kueleza kwa nini Mungu alifanyika mtu, alisema kumrudishia mtu ulichomnyang'anya hakutoshi, kwa sababu kuna na uchungu uliomtia, nao unadai fidia. Akaendelea kuonyesha kwamba kwa Mungu deni letu ni kubwa kiasi kwamba ni mwanadamu anayepaswa kulilipa, lakini ni Mungu peke yake awezaye, ndiyo maana alihitajika aliye Mungu na mtu. Angalieni ngazi aliyopandia. Alianza na haki ya kawaida ya jirani kwa jirani. Ukiing'oa ngazi hiyo, hata msalaba hutaweza kuueleza kwa mtoto wa komunyo ya kwanza.

Mchungaji huyo nadhani anamtakia mwongofu wake mema. Lakini alijibu swali ambalo hakuulizwa yeye.

neema_ya_kondele (Kisumu)

Mzee, nimekusoma kwa heshima. Ila naomba tusisahau Mathayo 18. Mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi alitoka akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Bwana wake alimkasirikia nani? Nasi sote tumesamehewa zile elfu kumi, mama wa dada huyu pia. Ninaogopa tukimtia moyo adai, tutamfanya awe yule mtumwa.

binti_wa_fundi (Nakuru)

Asanteni. Jana jioni nilimsomea mama majibu yenu yote, taa ikiwa imepotea, nikitumia simu. Ile ya turubai aliniambia nirudie.

Kaka wa Kondele, mama hakumkaba mtu. Alishamsamehe yule mzee kabla hajafika kwetu, miaka mingi, mimi ni shahidi, kwa sababu alikuwa akimtaja kwa jina kwenye maombi ya usiku na sisi watoto tukikataa kuitikia amina. Aliuliza swali moja tu, mkono wake ukiwa kwenye birika.

Lakini baada ya kusoma alisema neno ambalo sikuweza kulijibu. Alisema, "Cherehani hata ninyi mnaweza kuninunulia. Baba yenu atarudishwa na nani, na aongezwe sehemu ya tano ya nini?" Mzee, hapo nilinyamaza. Nikuulize wewe.

mzee_wa_maseno

Binti yangu, hapo ndipo mama yako ametufikisha sote mbele ya msalaba, na ninaandika haya polepole.

Zaburi ya 49 inasema hakuna mtu awezaye kumkomboa ndugu yake, wala kumpa Mungu fidia yake, maana ukombozi wa nafsi una gharama kubwa mno. Jirani yenu akiuza shamba, ng'ombe, na mabati ya nyumba yake yote, hana cha kumleta baba yenu mezani. Akiifuta dhambi hii kwa machozi, machozi yatakwisha nayo ipo. Dhambi ni hivyo. Sehemu yake ndogo mkono unaweza kuirudisha, na ile kubwa mkono wa mtu hauifikii. Kwa ile kubwa alikufa Kristo. Alikufa nje ya lango, amehukumiwa bila kosa, nguo zake wamegawana watu mbele ya macho yake, na mama yake amesimama pale. Mwambie mama hivyo hivyo. Aliyebeba dhambi ya yule mzee aliibeba akiwa mahali pa kudhulumiwa, alipokuwa baba yenu, alipokuwa yeye mwenyewe usiku ule. Kwa hiyo Yesu anaposema "nimemsamehe," hasemi kama mtu wa mbali ambaye hakuibiwa kitu.

Na Mungu hajaizima sauti ya baba yenu. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, Mungu akasikia, akamwuliza Kaini yuko wapi ndugu yake. Waebrania 12 inasema damu ya Yesu inanena mema kuliko ya Habili. Haisemi ya Habili ilidanganya. Ndiyo sababu Warumi 3 inasema Mungu alimweka Kristo kuwa upatanisho ili aonyeshe haki yake. Kama angesamehe kwa kupunga mkono tu, mjane yeyote wa Molo angekuwa na haki ya kumwuliza kama aliona moto ule. Msalaba ni jibu kwamba aliuona na kuupima, na kwamba uzito wake ulimgharimu Mwanawe.

Kwa hiyo yale yasiyorudishika, jirani ayaache pale msalabani, na mama yako ayaache pale pale, maana hakuna mahali pengine panapoyatosha. Yanayorudishika yana miguu. Cherehani ina miguu minne ya chuma na inaingia kwenye buti ya probox.

Ndugu wa Kondele, umesema kweli kuhusu mama kusamehe, nami ninalishika. Ila usimgeuzie mfano wa Mathayo 18 aliyedhulumiwa peke yake. Angalia Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19. Yesu aliingia nyumbani mwake kabla hajarudisha hata senti moja, kwa hiyo neema haikununuliwa. Kisha Zakayo akasimama mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, akasema aliyemnyang'anya anamrudishia mara nne. Yesu hakumwambia, "Keti, nitalipa mimi." Alisema, "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Mchungaji yule alimnyang'anya jirani yenu nafasi ya kusimama kama Zakayo. Mimi hilo linaniuma kuliko cherehani.

neema_ya_kondele (Kisumu)

Mzee, hapo kwa Zakayo tuko pamoja. Ninachoshikilia ni kimoja: sharti lisitoke kwa mama, litoke moyoni mwake huyo mzee. Akiirudisha kwa kuogopa watu, haitamsaidia yeye.

katekista_kakamega

Itamsaidia mama, hata hivyo. Na wengine moyo huja nyuma ya miguu. Nimeona.

binti_wa_fundi (Nakuru)

Nimemsomea mama tena, na mara hii tulilia wote wawili. Ile ya "mahali pa kudhulumiwa" amenituma niiandike kwenye karatasi, iko ndani ya Biblia yake.

Amesema haendi Molo kudai, na hatamtuma mtu. Yule mzee amekaribishwa wakati wowote, akija na cherehani au mikono mitupu, chai ipo. Ila akija tena, mama atamwuliza swali lile lile, na safari hii mchungaji amwache ajibu mwenyewe.

La mchungaji nimelichukua mimi. Tumesikia yule mzee atabatizwa mwezi ujao. Namwandikia mchungaji leo, kwa adabu, nikimwekea Walawi 6 na Luka 19, nimwombe asome na mwongofu wake kabla ya siku hiyo, kisha amwache aamue. Mzee wa Maseno, ukiwa na neno la kuniongezea kwenye barua hiyo, niandikie kabla ya saa kumi, maana shangazi anapanda matatu ya jioni na ndiye atakayeipeleka.