Kokoto zimechubua boneti ya gari yenye rangi ya fedha, naziba vipi?

Mama wa Njiro: Wakuu, naomba msaada. Lori limenirushia kokoto karibu na Usa River. Boneti ya Toyota Premio yangu, rangi ya fedha ya metaliki, ina vidonda saba kama punje za mtama. Viwili vimefika kwenye bati, kutu imeshaanza. Fundi mmoja anataka kupuliza boneti nzima na roho inaniuma, hii rangi ni ya kiwandani.

Fundi rangi, Ngarenaro: Usikubali, dada. Fungua boneti usome kibati, baada ya C/TR ndipo namba ya rangi ilipo, mfano 1F7. Nunua namba hiyohiyo, rangi za fedha hazifanani. Kwangua kutu kwa ncha ya sindano mpaka bati ling'ae, futa kwa spiriti, paka praima (rangi ya msingi) kidogo palipo wazi tu. Kisha tikisa chupa ya rangi dakika mbili kamili: chembe za alumini huzama chini, na usipozichanganya doa litatoka jeusi. Brashi ya kifuniko iache, ni nene mno. Tumia kijiti cha meno, dondosha tone katikati lisambae lenyewe. Tabaka nyembamba, kila moja ikauke. Mwisho paka kliya, ile rangi angavu ya juu. Baada ya wiki, msasa wa maji namba 2000, taratibu sana, halafu polishi.

Dereva teksi, Moshi: Na fanya kivulini. Boneti ikiwa ya moto tone hukauka kabla halijatulia.

Mama wa Njiro: Asanteni sana. Kibati kimesema 1F7 kweli! Naanza na kile cha pembeni.