Ushauri: sanamu ya jipsamu ya kukaa nje, juu ya kaburi, rangi ya shaba

Udongo_wa_Pasua
Habarini wakuu. Nipo Moshi, kazi zangu nafanyia kwenye banda la uani hapa nyumbani Pasua. Mara nyingi natengeneza vitu vya ndani: tembo wa mezani, sura za kutundika ukutani. Nafinyanga kwa udongo, natoa kalibu (umbo tupu la kumiminia), namimina jipsamu, napiga msasa, napaka rangi, basi.

Sasa nimepata oda ya familia moja ya Machame. Wanataka sanamu ya babu yao, kichwa hadi mabega, saizi ya mtu kamili, ikae juu ya kaburi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Na wanataka ionekane ya shaba iliyozeeka. Iwe tayari kabla ya Desemba, ukoo utakapopanda nyumbani.

Naomba kujua: jipsamu ikipigwa vanishi ya kutosha itahimili mvua za kule juu? Halafu nikimimina, usoni vinabaki vitundu vidogo, hasa puani na chini ya kope. Navizuiaje? Na hiyo rangi naipataje bila sanamu kuonekana kama kopo la dhahabu limeimwagikia? Natanguliza shukrani.

Fundi_Dari
Dada, mimi ni fundi wa dari Arusha, jipsamu ndiyo ugali wangu. Nje usiiweke. Jipsamu inayeyuka kwenye maji, kidogo kidogo lakini inayeyuka. Vanishi utaipiga, jua litaipasua, maji yatapenya kwenye ufa na yakishaingia hayatoki. Msimu wa masika ukiisha, babu wa watu hana pua.

Vitundu vinatokana na namna unavyochanganya. Weka maji kwanza kwenye ndoo, kisha nyunyiza unga taratibu mpaka uanze kujitokeza juu ya maji kama kisiwa. Uache unywe maji dakika moja au mbili, ndipo ukoroge polepole, mkono ukiwa chini kabisa. Ukikoroga kwa fujo unaingiza hewa. Na usimimine yote kwa mkupuo: koti la kwanza lipake kwa brashi, sukuma mchanganyiko uingie kwenye pua na kope, ndipo uongeze mwingine. Koti la pili tia nyuzi za katani, sisi kwenye kona za dari ndizo zinazoshika. Ndoo isiwe na mabaki ya juzi, yanafanya unga mpya ugande kabla hujamaliza.

Chuma_Moto
Kwa nini msiyeyushe alumini tu? Skrepa zimejaa, jirani yangu anatengeneza masufuria. Inayeyuka kwa nyuzi 660, mkaa na feni vinatosha.

Mzee_wa_Patasi
Chuma Moto, anayemimina masufuria ameanza akiwa kijana, kwenye mchanga, na anajua unyevu wa ule mchanga kwa kuufinya. Tone la maji likikutana na alumini iliyoyeyuka linageuka mvuke papo hapo na kurusha chuma usoni. Hata sakafu ya zege ikimwagikiwa inaweza kuruka vipande. Uani Pasua, watoto wanapita? Hapana.

Mwanangu, tengeneza kwa simenti. Jipsamu ibaki kuwa kalibu, na kwa kuwa ni sanamu moja tu, fanya kalibu ya kuvunja. Kata vipande vya bati la kopo, vichomeke kwenye udongo vikipita nyuma ya masikio hadi utosini, ili kalibu ifunguke pande mbili, uso na kisogo. Koti la kwanza la jipsamu, la unene wa nusu sentimita hivi, tia bluu ya kufulia nguo. Makoti ya juu yawe meupe. Siku ya kuvunja unapiga patasi kwenye nyeupe bila wasiwasi. Ukiona bluu, unajua babu yuko karibu, unapunguza nguvu.

Ukishatoa udongo, osha kalibu, ipake sabuni ya mche iliyoyeyushwa, futa, kisha pitisha mafuta kidogo. Iwe imelowa maji kabla ya kuweka simenti, la sivyo itayanyonya na sura itatoka ya ungaunga. Simenti moja kwa mchanga laini mbili uliochekechwa, maji kidogo, unakandika kwa vidole unene wa sentimita mbili au tatu, wavu wa kuku katikati. Waya usikaribie uso, utatoa kutu. Vaa glavu, simenti inakula ngozi.

Brashi_Kavu
Kuhusu rangi. Simenti ifunikwe gunia bichi siku 7 angalau, na usipake chochote kabla ya siku 28. Rangi ya mafuta kwenye simenti changa inabanduka, ni chumvichumvi za simenti zinazoila. Tumia rangi ya maji ya kuta za nje.

Anza na kahawia iliyokaribia nyeusi, sanamu nzima. Ikikauka, chukua rangi ya shaba kwenye brashi, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, kisha pitisha juu ya vilivyojitokeza tu: paji, mashavu, ncha ya pua, ukosi wa shati. Mabondeni, yaani kwenye mikunjo na nyuma ya masikio, weka kijani kilichofifia na ufute haraka. Sanamu ya Askari pale Dar, iliyozinduliwa 1927, ni shaba nyeusi halisi. Ukipita itazame kwa karibu uone kwamba haing'ai sawa kila mahali. Malizia na vanishi ya nje isiyong'aa.

Udongo_wa_Pasua
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Simenti basi, nitaongea na familia. Ila wamedokeza kwamba shangazi aliyeko Dar anaweza kutaka nakala ya sebuleni. Kalibu ya kuvunja si itanifunga?

Mzee_wa_Patasi
Marahaba. Waulize leo, kabla hujagusa udongo. Wakitaka mbili, tengeneza kalibu ya silikoni, inayonyumbuka na kutumika tena, yenye koti la jipsamu kwa nje, na gharama ya silikoni iingie kwenye bei, usiibebe wewe. Ya shangazi itoe kwa jipsamu, inakaa ndani. Ikaushe penye upepo, siyo jikoni karibu na moto, ikipata joto kali inarudi kuwa unga. Ipime kwenye mizani kila baada ya siku kadhaa. Uzito ukiacha kushuka, imekauka.

Na ya Machame acha nondo mbili zitokeze chini, na umwambie fundi wa kaburi aache mashimo kabla hajaweka vigae.