Mtoto anakunywa lita saba kwa siku na kisukari hana: habari za panya wa maabara zinahusu?

MwalimuWaNewala
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu wa darasa la tatu anamaliza lita 7 za maji kwa siku. Nimepima mwenyewe kwa jagi la plastiki, wiki nzima. Usiku anaamka mara nne, mara tano kukojoa, na mkojo wenyewe mweupe kama maji ya mvua. Sukari imepimwa mara tatu, iko sawa.

Shida ya maji hapa Newala mnaijua. Bibi yake akashauri tumnyime ikishaingia magharibi, na huu usiku wa nne dumu nalificha chumbani kwangu. Jana nimemfuma anakunywa maji ya kuoshea vyombo. Roho imeniuma sana.

Daktari alitaja homoni, akagusia kuna panya wa maabara wenye hali hiyohiyo. Homoni inatoka kichwani, figo ziko kiunoni. Zinaambianaje?

MzeeMaabara_Lindi
Mwalimu, kabla ya yote mrudishie mtoto maji, leo hii. Kama ni ugonjwa ninaoudhania, figo zitaendelea kutoa maji hata asipokunywa. Chumvi itazidi kwenye damu, na anaweza kupata degedege.

Nimefanya kazi na panya wa maabara miaka mingi kabla sijastaafu. Panya anayepimwa mkojo anakaa kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu. Chini yake faneli, na chini ya faneli kichupa chenye alama za mililita. Panya wa gramu 300 hunywa kama mililita 30 kwa siku. Sasa, mwaka 1961 huko Brattleboro, jimbo la Vermont, Marekani, walipatikana panya wanaokunywa maji karibu robo tatu ya uzito wao. Kwa panya wa gramu 300, hizo ni zaidi ya mililita 200!

Figo zao zilikuwa nzima. Walichokosa ni vasopresini, homoni inayotengenezwa kwenye ubongo na kuachiwa kwenye damu kupitia tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Damu ndiyo inayoipeleka figoni. Figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 kwa siku, na karibu zote hurudi mwilini. Mwishoni mwa mirija ya figo kuna vijilango vya maji. Vasopresini ikifika, vinajitokeza kwenye ukuta wa mrija na maji yanarudi kwenye damu. Isipofika, vinabaki vimejificha ndani ya seli, na maji yanapitiliza hadi kibofuni. Panya hao wakidungwa vasopresini, mkojo unapungua na kuwa mzito.

Ila wapo ambao homoni wanayo tele, figo ndizo hazisikii. Panya akilishwa lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili, kwa mfano, vijilango hivyo vinapungua. Huyo hata umdunge, kichupa kinazidi kujaa. Ndiyo maana mwanao anahitaji kipimo cha kunyimwa maji hospitalini, mbele ya wauguzi, uzito na mkojo vikipimwa mara kwa mara, halafu apewe dawa inayofanana na homoni hiyo waone kama figo zinaitika. Nyumbani usithubutu.

KijanaWaMashambaYaChumvi
Shikamoo mzee. Huku kwetu Kilwa mtu akipoteza maji tunamkorogea chumvi na sukari. Mtoto haimfai?

MzeeMaabara_Lindi
Marahaba. Hapana, mwanangu. Chumvi ina homoni yake, aldosteroni, kutoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Panya walioondolewa tezi hizo hupoteza chumvi kwenye mkojo hadi kufa, lakini wakiwekewa maji ya chumvi huyafuata wenyewe, na wengi huishi. Mtoto huyu anapoteza maji, si chumvi. Ukimwongezea, figo zitatumia maji mengi zaidi kuitoa.

MwalimuWaNewala
Ahsante sana mzee wangu. Dumu limerudi kando ya kitanda chake, kikombe juu yake. Jumatatu alfajiri tunapanda gari la Mtwara. Vipimo vya jagi nimeviandika kwenye daftari, na kuanzia usiku huu napima na mkojo.